Naomba ushauri: hadithi yangu ya watoto kuhusu Tendaguru imegeuka hotuba

Mwalimu_Lindi
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nafundisha darasa la nne Lindi vijijini. Watoto wangu ni Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wachache. Ukiwauliza historia wanakutajia Bagamoyo na Zanzibar. Hawajui kwamba yule mjusi wa kale anayesimama makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, alichimbwa Tendaguru, huku huku kwetu, kati ya 1909 na 1913.

Basi likizo hii nimeandika hadithi. Watoto wanne, kila kabila mmoja: Mmakonde anachonga, Myao anafanya biashara, Mmwera analima, Mmakua anawinda. Wanamkuta babu chini ya mwembe, anawasimulia Tendaguru, Maji Maji na Kilwa, kurasa sita. Nikamsomea binti yangu wa miaka tisa. Ukurasa wa pili akaniuliza, "Mama, huyo babu atanyamaza saa ngapi?"

Nataka wajue historia ya kwao, na wajue makabila yetu hayafanani. Ila sitaki kuwapa somo lililovikwa kanga. Nianzie wapi?

Korosho_Pori
Binti kashamaliza kila kitu. Babu atoke. Mimi nilimchoka tangu darasa la pili.

Mzee_wa_Newala
Marahaba mwanangu. Hao wanne si watoto, ni vibandiko. Mimi Mmakonde na sijawahi kushika tezo. Kaka yangu alikuwa fundi cherehani.

Utotoni mwangu tofauti yetu na wengine ilikuwa maji. Kule juu uwandani maji hakuna, mama zetu walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na mtungi kichwani. Siku moja rafiki yangu wa bondeni akaja kututembelea, akachota kata nzima akanawa miguu. Bibi yangu alimtazama kama kamwaga unga. Hakusema neno. Nikajua huyu mwenzangu katoka kwingine. Tofauti ya namna hiyo mtoto anaiona mwenyewe.

Halafu jando na unyago usiingie ndani. Lipiko, yule mchezaji wa ngoma aliyevaa kinyago, akitoka na watoto wakakimbia, sawa. Ya ndani yaache ndani.

Binti_Mikindani
Hapo hapo kwenye maji, mwalimu. Wayao wanasema mesi, Wamakua masi. Wabishane kwenye hadithi neno lipi ndilo sahihi, kisha Wamwera na Wamakonde wa darasani kwako waandike ya kwao. Ukitoka hapo, Maji Maji inaingia bila kubisha hodi. Kilwa itoe, ile inataka kitabu chake.

Korosho_Pori
Vita kwa darasa la nne? Si wadogo jamani?

Mzee_wa_Newala
Vita viliisha 1907, uchimbaji ukaanza 1909. Katikati hapo ni njaa. Ukiificha, mtoto atadhani watu walimbebea Mjerumani ile mifupa ya mjusi kwa kupenda tu. Kulikuwa na ujira, na mwenye njaa hachagui kazi. Damu huna haja ya kuionyesha, onyesha kihenge kitupu.

Mwalimu_Lindi
Asanteni sana. Babu nimemfuta, watoto wanne nimebakiza mmoja. Mwanzo mpya huu, nisahihisheni:

*Kihenge chao kilikuwa kitupu tangu vita. Ndiyo maana baba yake Somoe alijitwika mfupa uliofungwa kwa mianzi, akaingia kwenye msururu. Somoe akauliza, "Ni mzito?" Baba hakujibu, lakini shingo yake ilikuwa imezama mabegani. Nyuma yao Myao mmoja akaomba mesi. Somoe hakuelewa anataka nini. Akampa ming'oko, viazi pori. Yule mtu akaitazama ile ming'oko, akacheka mpaka mzigo ukayumba. Jioni wakaiona bahari.*

Binti kasikiliza mpaka mwisho, kauliza tu Myao alipata maji au hakupata.

Binti_Mikindani
Hapo kwenye ming'oko nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Korosho_Pori
Na mimi nataka kujua kama alipata maji.

Mzee_wa_Newala
Sasa hiyo ni hadithi. Ila kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, na mzigo ule kichwani, ni mwendo wa siku nne hivi. Wewe umewafikisha jioni ile ile. Watafutie pa kulala, na yule Myao mpe maji.