Naombeni ushauri: safari ya tawi kwenda kuona nusu fainali imenielemea, niifute vipi bila ugomvi?

Samaki Mchanga
Wakuu habari za jioni. Nipo Morogoro, Simba wa kuzaliwa. Tawi letu lilipanga tangu hatua ya makundi kwamba Mnyama wetu Simba akiingia nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tunakodi Coaster mpaka Dar, uwanja wa Mkapa. Mungu si Athumani, tumewatoa Al Masry. Sasa mechi ya kwanza na Stellenbosch, Jumapili ya Pasaka tarehe 20 Aprili 2025, imehamishiwa uwanja wa Amaan, Zanzibar. Hapo kuna Coaster, kuna boti, kuna pa kulala. Kwa hali ilivyo safari haiwezekani, na mimi ndiye wa kuwatangazia. Siku ya nne hii chakula hakipiti. Niwaambieje wasikasirike? Asanteni.

Kibatari
Coaster ndiyo inakunyima chakula mkuu? Waambie gharama zimepanda, mwenye uwezo ajiongeze, wengine kibanda umiza kama kawaida. Uzi ufungwe.

Mwananchi Damu
Poleni makolo wa Simba. Mmezoea kuishia robo, nusu mnaiona kama msiba.

Nyundo Kavu
@Mwananchi Damu Utopolo nyie wa Yanga tulieni, mwaka huu hamkuvuka hata makundi. Ubaya Ubwela.

Bint Mkongwe
Mleta mada, hao watu wameshachanga au bado?

Mzee wa Stendi
Kijana, safari za mpira zina mambo. Mwaka 1993 nilikuwa utingo wa basi la Dar na Moro. Simba imetoka sare ya bila kufungana Abidjan na Stella, fainali ya Kombe la CAF, marudiano nyumbani. Nani angekwambia hatubebi? Mimi na dereva tukalilaza basi Dar bila ruhusa ya tajiri ili tuone kombe likinyanyuliwa. Tukapigwa mbili bila. Kurudi, basi zima kimya. Kulikuwa na mtoto analia tangu Ubungo, kufika Chalinze na yeye akanyamaza. Tajiri alinikata mshahara wa mwezi mzima na kombe sijaliona mpaka leo.

Samaki Mchanga
@Mzee wa Stendi shikamoo mzee, pole sana.
@Bint Mkongwe walichanga kidogo kidogo tangu Januari, elfu themanini kila mtu. Waliomaliza ni 23. Pesa ipo kwa mweka hazina.

Bint Mkongwe
Na mweka hazina ni nani?

Kibatari
23 mara 80,000 ni 1,840,000. Coaster kwenda na kurudi Dar, boti, tiketi za mzunguko, mkilala kwa ndugu na jamaa, inabana lakini mnafika. Sasa haiwezekani kwa nini?

Bint Mkongwe
Samaki, nakuona upo hewani. Mweka hazina ni nani?

Samaki Mchanga
Ni mimi.

Nyundo Kavu
Ohooo.

Bint Mkongwe
Iliyopo mkononi sasa hivi ni shilingi ngapi? Usizunguke.

Samaki Mchanga
Ipo 640,000. Hiyo nyingine ilipata dharura. Nilikuja kuomba ushauri wa namna ya kutangaza, sikuja kukaguliwa. Na mechi kuhamishiwa Zanzibar si uongo, kila mtu anajua.

Ustaadh Kimya
Ndugu yangu, mali ya watu ni amana. Ukiulizwa siku hiyo hutajibu kwa habari ya boti. Dharura gani iliyokula milioni moja na laki mbili? Kama ni ugonjwa sema, tawi watakuelewa na watakuchangia tena.

Mwananchi Damu
Hiyo dharura ina mkeka wa kubeti ndani yake. Nanusa.

Samaki Mchanga
Sawa. Nilibeti. Moja tu, siyo mazoea. Mechi ya marudiano na Al Masry. Naomba tusihukumiane, kila mtu humu ana mkeka wake uliochanika.

Nyundo Kavu
Pole mkuu. Na mimi mwaka jana nilichoma laki tatu ya ada ya mtoto, nikamwambia mke wangu shule wamesogeza tarehe. Alikwenda shuleni mwenyewe kwa miguu. Sitaki hata kusimulia.

Kibatari
Subirini kwanza, mimi hapa hesabu inanigomea. Suez tulifungwa 2-0. Marudiano kwa Mkapa tukashinda 2-0, Mpanzu na Mukwala, yote kipindi cha kwanza. Penalti, yaani matuta, tukashinda 4-1. Aliyeweka Simba kushinda amekula, maana mkeka wa matokeo unafungwa dakika 90. Aliyeweka Simba kufuzu naye amekula. Samaki, wewe Simba wa kuzaliwa uliliwaje siku ambayo kila Simba alikula?

Bint Mkongwe
Astaghfirullah.

Mwananchi Damu
😂😂😂 Msimfukuze jamani, nampa kadi ya Yanga bure.

Samaki Mchanga
Niliweka Al Masry kufuzu. Odi 1.35, milioni moja na laki mbili. Ningelipwa 1,620,000, faida laki nne na ishirini.

Kabla hamjanitukana nisikilizeni. 2021 Kaizer Chiefs walitupiga nne kwao, kwa Mkapa tukarudisha tatu, tukatoka. 2022 Orlando Pirates, matuta, tukatoka. 2023 Wydad, matuta, tukatoka. 2024 Al Ahly, nyumbani na ugenini tukafungwa. Robo fainali nne! Moyo wangu ulikuwa umechoka. Nikasema nijiwekee bima: Simba ikifuzu nafurahi, ikitolewa angalau nina kitu cha kujifutia machozi. Pesa za watu ningewarudishia zote, faida nibaki nayo. Hakuna ambaye angeumia.

Kibatari
Samaki, soma tena ulichoandika. Pesa ya kusafiri Simba ikifuzu umeiwekea Simba isifuzu. Ungeshinda, safari haipo. Umeshindwa, pesa haipo. Kwa vyovyote vile watu 23 walikuwa hawaendi popote, ila wewe tu ndiye ulikuwa na pa kwenda.

Nyundo Kavu
Nafuta pole yangu ya hapo juu. Ada ya mtoto niliiweka kwa Simba, angalau.

Ustaadh Kimya
Kamari dhambi, khiyana dhambi. Hii ya tatu sijui niiweke fungu gani.

Samaki Mchanga
Mnaongea kirahisi kwa sababu hamjapitia. Siku ile nilikufa mara mia. Goli la kwanza, la pili, mapumziko, kipindi cha pili, halafu dakika za nyongeza zote 30 nimesimama naomba tu mtu afunge niondoke na roho yangu. Hamuwezi kujua.

Pumzi ya Moto
Wadau, mimi msomaji tu, ila hapa natoka mafichoni. Dakika za nyongeza 30 zipi? Mashindano ya klabu ya CAF robo fainali hayana kitu hicho. Jumla ya magoli ikilingana wanaangalia goli la ugenini, nalo likilingana filimbi ya dakika 90 ni matuta moja kwa moja. Simba na Al Masry waliingia matuta palepale. Mtu aliyepoteza milioni na laki mbili kwenye mechi hawezi kukosea kitu kama hicho. Hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Tumenyweshwa na sukari haijakolea.

Mwananchi Damu
Ni kweli kabisa, tuulizeni sisi. Mkapa 0-0 na Mamelodi, Pretoria 0-0, filimbi, matuta, tukatoka 3-2. Zingekuwepo dakika 30 pale Loftus, lile goli la Aziz Ki wangelikataa mara ya pili.

Nyundo Kavu
Goli lipi? Mpira uligonga mwamba ukarudi kulisalimia benchi.

Mwananchi Damu
Ulivuka mstari, hata kipofu aliona. Na 2023 fainali tulishinda kwao Algiers 1-0, kombe wakabaki nalo USM kwa goli la ugenini. Nyie hayo mambo mmeyajua juzi.

Pumzi ya Moto
Turudi kwenye chai. Tangu lini mweka hazina wa tawi akaja kujianika mtandaoni? Mwezi uliopita kuna mwingine alikuja na hadithi ya kuuza kiwanja cha baba yake, siku ya tatu akaanza kuomba nauli. Samaki, namba ya kutuma mchango unaweka saa ngapi?

Kibatari
Mimi nilishaanza kumhurumia. Chai kabisa.

Bint Mkongwe
Mwacheni ajibu. Samaki, mechi uliangalia wapi?

Samaki Mchanga
Siombi mchango wa mtu.

Sikuiangalia. Ndiyo ukweli. Nilikuwa nje ya kibanda umiza, upande wa nyuma, penye mabati. Ndani ilikuwa tawi zima na jezi zao. Nilikaa dakika kumi za kwanza nikashindwa, maana kila Simba wakipanda mbele uso wangu ulikuwa unakwenda upande mwingine, na jirani yangu alishaanza kunitazama. Nikasema natoka kupokea simu. Goli la kwanza nilijua kwa mabati, yalipigwa ngumi kwa ndani mpaka kutu ikanidondokea begani. La pili hivyohivyo. Baada ya hapo kimya kirefu sana. Kukatokea kelele kidogo, kimya tena, nikasikia mtu anasema "bado, bado". Nikajua zimeongezwa dakika. Kumbe walikuwa wanapanga wapigaji. Mimi nilihesabu kwa saa ya simu huku kidole kipo kwenye mkeka.

Halafu wakatoka mbio wananitafuta. Wakaninyanyua juu. Mimi, mweka hazina. Wanaimba "tunakwenda, tunakwenda". Simu ikaandika imepotea nikiwa juu mabegani mwao.

Mzee wa Stendi
Hiyo si chai. Hiyo kutu ya begani huwezi kuitunga.

Pumzi ya Moto
Mzee, watu wanatunga hata harufu. Ila sawa, nasubiri namba ya mchango.

Bint Mkongwe
Sasa nini kinaendelea? Maana mtu wa namna yako haji kuomba ushauri kabla hajafanya upuuzi wa pili.

Samaki Mchanga
Kuna jamaa wa kausha damu, anakopesha kwa riba. Nimeshampa kadi ya pikipiki, kesho asubuhi ananipa milioni na laki mbili. Ikiwezekana laki moja naiweka kwenye mechi ya…

Bint Mkongwe
Koma hapohapo.

Kibatari
Huyo akikupa milioni, mwezi ujao anataka na pikipiki na wewe mwenyewe uiendeshe kumpelekea. Usichukue.

Samaki Mchanga
Mnasema nisichukue, mnasema nisitangaze safari kufutwa, mnasema nisibeti. Nifanye nini sasa? Na tangazo la gharama kupanda nimeshalidokeza kwa watu wawili, wamelipokea vizuri tu. Njia hiyo ndiyo haina maumivu.

Ustaadh Kimya
Haina maumivu kwako. Nenda kwa kiongozi mmoja tu mwenye busara, leo, kabla ya kesho asubuhi. Mmoja. Usiende kwa 23 kwa mpigo, watakupiga.

Nyundo Kavu
Na uende na 640,000 mkononi, isije ikapata dharura njiani.

Bint Mkongwe
Naunga mkono wote wawili. Na mweleze uliweka timu gani. Ukificha hilo, ndilo litakalokuja kukufukuza mjini.

Samaki Mchanga
Mrejesho.

Jana usiku nilimwendea katibu wetu, mama mtu mzima, anakaanga samaki sokoni. Nilimsalimia, nikakaa kwenye ndoo, nikasema yote mpaka la Al Masry. Hakupiga kelele. Aligeuza samaki waliokuwa kwenye karai, akafuta mikono, akasema, "Lete daftari." Akawa anashuka na kidole jina kwa jina, tiki za kalamu nyekundu. Majina yapo 24, tiki za kumaliza 23. Jina langu ndilo la kwanza juu, halina hata tiki moja. Hilo ndilo lililomtoa machozi, siyo pesa. Akasema, "Kumbe hata wewe hukuwa na nia ya kwenda, mwanangu."

Asubuhi amenisindikiza kwa jamaa, tumechukua kadi yangu kabla ya maandishi. Anayo yeye sasa. 640,000 anayo pia. Kikao kesho saa kumi jioni, nitasimama mwenyewe. Anasema atapendekeza waende wachache kwa kura, waliobaki niwalipe kwa bodaboda kila wiki, na uweka hazina nivuliwe. Nimekubali. Kama watanipiga nitajua hapohapo.

Kibatari
Umefanya jambo. Kesho vaa viatu vya kukimbilia lakini.

Pumzi ya Moto
Namba ya mchango hakuweka. Naomba radhi, kwa leo.

Mwananchi Damu
Swali moja la kiufundi mkuu. Na Stellenbosch umemuweka nani?

Samaki Mchanga
Sijaweka mtu. Nimefuta na programu yenyewe kwenye simu.

Mzee wa Stendi
Irudishe kijana, uweke hata buku kwa Stellenbosch. Tunataka fainali.