Mwanangu wa miaka 13 anachezeshwa na goti bovu. Nimtoe kwenye mpira?

MamaMuyeye
Hamjambo ndugu zangu, hasa nyinyi mlio na watoto wa mpira hapa Malindi. Mwanangu ana miaka 13, yuko Gredi ya 8. Ni winga, na si mimi mamake peke yangu ninayesema ana kipaji. Anachezea shule, anachezea akademia moja ya hapa mjini, na mwaka huu timu ya mtaa ya chini ya miaka 17 imemchukua pia. Tangu Ramadhani iishe analalamika goti la kulia, pale chini ya pia ya goti. Pameota kivimbe kigumu. Hata kuswali ni taabu, kupiga goti hawezi. Kocha wa timu ya mtaa humpa vidonge vya maumivu kabla ya mechi, anasema ni mambo ya kukua.

Sasa Jumamosi aligongana vichwa na beki. Akaanguka, akamwagiwa maji, akarudishwa uwanjani. Usiku alitapika, na mpaka leo Jumatatu mwanga wa jua unamuumiza kichwa. Babake yuko kazini Lamu, ananiambia kwa simu nisimvunje mtoto moyo, nusu fainali ni Jumapili. Nimtoe kabisa? Na nikimpumzisha, si nafasi yake itachukuliwa na mwingine?

Fizio_Pwani
Mama, goti litangoja. Kichwa hakingoji. Mtoto aliyegongwa akatapika na bado mwanga unamsumbua, mpeleke hospitali leo hii. Ukimwona anasinzia kupita kiasi, anachanganya maneno, mkono au mguu unalegea au kichwa kinazidi kuuma, hiyo ni dharura, usiku au mchana. Na Jumapili hachezi, hata akiamka mzima. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba, na watoto wamekufa kwa hilo. Mwongozo wa michezo ya mitaani uliotolewa Uingereza mwaka 2023 unasema mtu asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na dalili ziwe zimekwisha siku 14 kabla ya kurudia mazoezi ya kugongana. Shule kwanza, mpira baadaye.

Goti nalo, kwa ulivyolieleza, linafanana na kitu ambacho madaktari hukiita Osgood-Schlatter. Mtoto wa umri huo mifupa hurefuka haraka, na pale ukano wa paja unaposhika mfupa wa muundi bado ni palaini. Kila akipiga shuti au kuruka, ukano unapavuta. Kocha hakukosea kusema ni mambo ya kukua. Alipokosea ni kuzima maumivu kwa vidonge ili mtoto aendelee kuvuta palepale panapouma. Kwa kawaida huisha ukuaji ukitulia, lakini lazima mzigo upungue. Barafu kwenye kitambaa baada ya kucheza, mazoezi ya kuimarisha mapaja, na maumivu yenyewe ndiyo yawe kipimo: akianza kuchechemea, atoke. Goti lote likivimba, likikwama, au likimuuma usiku akiwa amelala, hilo si la kukisia hapa. Apigwe picha ya eksirei.

BinShela
Dada, pole. Lakini sisi tulicheza pekupeku, maji yakipwa tu ufuo wote uwanja, na hakuna aliyepelekwa hospitali kwa goti. Kuna mzee anakanda kwa mafuta ya nazi, mara tatu tu kijana anaruka. Msimlee mtoto kama yai.

Fizio_Pwani
Bin Shela, nakuheshimu kaka, ila kivimbe hicho kisikandwe. Ni mfupa uliokwisha kukereka, ukiukandamiza unazidisha. Na nyinyi mlicheza mkichoka mkaenda kuogelea. Hakuna aliyewapangia timu tatu.

KochaWaMchangani
Hapo kwenye timu tatu ndipo penye ugonjwa. Nafundisha watoto na nimeona vipaji vikiisha kabla ya kidato, si kwa kukosa bidii, kwa kuchezeshwa na kila mtu. Kipimo ambacho wataalamu wa michezo ya watoto hukitumia ni rahisi: saa za mchezo uliopangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wako asivuke 13, na apate siku moja au mbili za kupumzika kabisa. Hesabu, mama: mazoezi ya shule, ya akademia, ya mtaa, halafu mechi mbili wikendi kwenye udongo mgumu na jua la kaskazi. Isitoshe anagongana na vijana wa miaka 16 waliokwisha kuota ndevu.

Kocha yeyote umuulize swali moja: mnapashaje misuli moto? Kuzunguka uwanja mara mbili hakutoshi. FIFA ina mazoezi ya watoto wa miaka 7 hadi 13, yanaitwa 11+ Kids: kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa sawa, kujifunza kuanguka. Dakika 15 hadi 20, bila kifaa chochote zaidi ya mpira. Yalijaribiwa Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Cheki kwa watoto karibu 4,000, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha majeraha yamepungua kwa 48%. Kitu cha bure namna hiyo kutofanyika hapa Malindi kunaniuma sana.

Na kichwa: Marekani tangu 2015 wamekataza watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa. Wetu tunawapigia kona hamsini mfululizo.

Baba_wa_Wawili
Kuhusu nafasi kuchukuliwa. Michael Owen, mshambuliaji wa Liverpool, alichanika msuli wa nyuma ya paja akiwa na miaka 19, mwaka 1999, na mwenyewe amesema hakurudi kuwa yule yule. Ansu Fati wa Barcelona aliumia goti 2020 akiwa na miaka 18. Hao walikuwa na madaktari bora duniani. Wetu akichanika ukano wa goti, upasuaji tutachangishana kwenye WhatsApp. Wiki chache za kukaa nje hazimalizi mchezaji wa miaka 13. Na asiache vitabu: sekondari ya juu sasa ina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, anaweza kuupenda mpira kwa njia zaidi ya kuucheza.

MamaMuyeye
Nimetoka hospitali. Wamesema ubongo ulitikisika, apumzike, arudi kuonwa wiki ijayo. Goti litapigwa picha siku hiyohiyo. Babake nimemsomea majibu yenu, amenyamaza kidogo kisha akasema Jumapili asicheze. Kijana analia. Sasa nimwambieje yule kocha? Ni jirani, na mkewe ni rafiki yangu.

KochaWaMchangani
Mwambie babake apige simu mwenyewe, leo, kabla kikosi hakijapangwa. Aseme daktari amekataza, aitaje na ile karatasi ya hospitali. Asiombe ruhusa, atoe habari. Kisha mtoto aende Jumapili akae benchi na wenzake kama hakuna kelele wala jua la kumuumiza kichwa, ajue bado ni wa timu. Akirudi, achague timu mbili, ya mtaa aiache mpaka afike umri wake. Kocha akiwa mgumu niandikie faragha, nitaenda naye tuzungumze kiwanjani jioni.