Tupeane uzoefu: mazoezi ya nje, ufuoni na chini ya miti, yamekusaidia nini?

Mwana wa Kuze:
Salaam aleikum waungwana. Naanza mimi.

Mwaka jana nilipimwa presha, ikatoka 158 kwa 97. Nikapewa dawa na kuambiwa nitembee. Nikalipia jimu, nikaenda wiki tatu. Pale unakimbia umeelekea ukuta, macho kwenye saa ya mashine, na dakika 20 ni ndefu kama alasiri ya mfungo. Nikaacha. Siku moja ndugu yangu akanichukua mpaka Mama Ngina, pale kando ya bahari Mombasa, baada ya swala ya alfajiri. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia bandari ya Kilindini, inapita karibu hata namwona baharia akikunja kamba. Nikaifuata kwa miguu toka kwenye mibuyu mpaka upande wa feri. Kuja kutazama saa, dakika 40 zimekwisha!

Sasa naenda mara tano kwa wiki. Dawa bado nameza, lakini mwezi uliopita nilikuta 132 kwa 84. Nyinyi je?

Bi Kisauni:
Waaleikum salaam. Mimi ni sukari. Ufuoni watu wengi na macho mengi, sikuwa na raha. Wifi yangu akanipeleka kwenye njia za msitu wa Bamburi. Zamani pale palikuwa machimbo ya mawe ya simiti, jiwe tupu linachoma, mpaka Dk. René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Leo unatembea kivulini. Majani membamba ya mvinje yametandazika chini kama mkeka, hatua yako mwenyewe huisikii, na upepo ukipita juu unavuma kama bahari. Natembea na baibui langu na raba, sina wasiwasi na mtu.

Kwenye lami goti la kushoto lilikuwa likiniuma usiku kucha. Kule haliumi. Na sukari nimeiona kwa macho yangu: siku moja baada ya chakula kimashine kiliniambia 11.2. Nikaenda kutembea, niliporudi ikawa 7.9. Kliniki walinifunza kwamba misuli ikifanya kazi huchota sukari iliyo kwenye damu. Nilikuwa nikiitikia tu. Siku hiyo ndipo nilipoamini.

Kijana wa Shifti:
Mimi nafanya kazi za usiku bandarini. Usingizi ulikuwa umenipotea kabisa. Siku zangu za mapumziko nikaanza kukimbia Nyali jua linapochomoza. Sasa siku hizo, saa nne za usiku macho yanafumba yenyewe.

Mama Wawili:
Jamani, mimi mzito kidogo. Mchangani nachoka upesi, pumzi inakatika. Ni kawaida?

Muuguzi wa Mvita:
Ni kawaida kabisa, dada. Kutembea kwenye mchanga mlaini hula nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Anza kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu ulioachwa na maji. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na unaweza kuzigawa upendavyo. Kuna pia utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, wa watu karibu 20,000: waliopata dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya kijani au ya pwani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Hilo halithibitishi kwamba ni miti iliyowaponya, lakini mimi nawaona wagonjwa wangu: anayetembea nje ndiye anayedumu.

Kijana wa Shifti, mwanga wa asubuhi ndio unaoupa mwili saa yake. Na Bi Kisauni, wanaodungwa insulini wabebe tende mbili mfukoni, sukari isije ikashuka njiani. Miezi ya kaskazi, jua likishapanda rudini nyumbani, na maji mnywe hata kama hamna kiu.

Baba wa Tudor:
Mimi sikuwa na ugonjwa wa kupimwa. Mke wangu alifariki, nikawa sitoki chumbani. Mwanangu wa mwisho alinishika mkono tu, tukateremka mpaka kwenye mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, kaa wadogo wanatoka matunduni, kila mmoja na gando moja kubwa jekundu analipunga. Tulisimama pale kitambo. Usiku ule nilikula chakula chote, mara ya kwanza tangu matanga. Sasa twaenda kila jioni, na yeye ndiye anayenigongea mlango.

Mwana wa Kuze:
Baba, pole sana. Mola amrehemu.

Jumamosi ni bamvua, yaani maji makubwa, alfajiri maji yatakuwa yamejaa na ufuo utakuwa mwembamba. Basi tukutane Mama Ngina, kwenye mibuyu, saa kumi na mbili na nusu. Mama Wawili, njoo. Tutakwenda kwa mwendo wako.

Mama Wawili:
Nakuja na wanangu.