Siku nne Stockholm mwisho wa Januari, begi moja la kilo 8: nipunguze nini?

Binti wa Lushoto

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Nina semina ya kazini Amsterdam wiki ya mwisho ya Januari, na mdogo wangu anayesoma Stockholm kanikaba koo nipitie kwake, Alhamisi usiku hadi Jumatatu asubuhi. Tiketi nimepata ya bei poa, lakini inaruhusu begi moja tu la mkononi, kilo 8. Sanduku kubwa nitaliacha hotelini Amsterdam.

Baridi kali kuliko zote niliyowahi kuionja ni ya Lushoto mwezi wa 7, nikiwa bweni, na pale sweta la shule na blanketi vilinitosha. Mdogo wangu nikimuuliza anajibu "njoo tu dada, utazoea". Huyo si wa kumsikiliza, alikuwa anaoga maji ya mtungi saa 11 alfajiri huku anaimba.

Nimeshanunua sweta tatu nene pale Karume, na koti moja zito. Nikivipanga begi halifungi. Navaa baibui au gauni refu na hijabu, na naswali. Halafu mdogo wangu kaagiza ubuyu kilo mbili. Nisaidieni.

Kijana wa Memoria

Dada, sweta tatu za nini? Nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro misimu sita. Wageni wenye akili wanapanda kileleni usiku na nguo nyembamba nyingi, koti juu.

Hilo koti zito ni la nini, kitambaa cha blanketi? Tafuta la manyoya ya bata. Huku Moshi yamejaa mitumba ya Memoria, na kuna maduka yanayokodisha kwa wapanda mlima. Namna ya kulipima: likunje, libane kwapani, hesabu hadi ishirini, achia. Likifura lenyewe, nunua. Likibaki limejikunyata, au ukilipapasa unasikia vibonge, manyoya yamekufa, litakuwa pambo tu. Na ujaribu zipu kuanzia chini kabisa, hapo ndipo huwa zimeng'oka.

Mengine waseme wanaoishi huko.

Mama Raskazone

Marahaba mwanangu. Niko Stockholm mwaka wa 12 sasa, nahudumia wazee majumbani. Maana yake ni kwamba natembea nje kutoka nyumba hadi nyumba kutwa, kwa hiyo haya ninayokwambia yamenipita mwilini.

Sweta mbili ziache Amsterdam, tena zile nene zaidi. Najua utaniona mchawi.

Nje patakuwa sifuri au hasi 5, ukiwa na bahati mbaya hasi 15. Ila nje hukai. Utatoka kwenye nyumba ya digrii 21, utembee dakika nane, uingie treni ya chini ya ardhi yenye joto la daladala ya Mbagala, utoke, uingie dukani. Na sweta mbili chini ya koti, kwenye treni jasho litakutiririka, na umesimama umebanwa, huna pa kuvulia. Kisha unatoka nje na jasho lako, na baridi inaingilia hapohapo. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani nimekuja na malaria, mgongo unatetemeka na uso unawaka. Kumbe fulana ya pamba imelowa, imenigandia mgongoni kama kile kitambaa cha kumpoza mwenye homa.

Kwa hiyo tafuta fulana ya ndani ya sufu laini, ya mikono mirefu, inayobana, na suruali yake. Sufu hata ikilowa inatunza joto. Mbili mbili zinatosha siku zote hizo, maana sufu hainuki upesi, ukiitundika usiku asubuhi unaivaa tena. Juu yake sweta moja nyepesi yenye vifungo au zipu, uweze kuifungua ukiwa umesimama. Juu kabisa koti. Koti na buti usivipakie, vivae safarini.

Baibui sawa kabisa, na mimi ndivyo ninavyovaa. Shida ni urefu. Theluji ya barabarani siyo ile ya kwenye kalenda. Inakanyagwa pamoja na chumvi na vichangarawe wanavyomwaga watu wasiteleze, inakuwa uji wa kijivu. Baibui la kufagia chini litaunyonya huo uji hadi magotini, halafu likiganda linakuwa bati, kila hatua linakupigapiga vigimbi. Kunja pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Hijabu za shifoni ziache, beba za kitambaa cha fulana, zinakaa vizuri chini ya mzula na upepo hauzipiti. Kama umesuka, tafuta mzula mkubwa mapema, kichwa cha rasta hakiingii kwenye hivi vya wenyeji.

Sasa miguu. Mwaka huohuo wa kwanza nilivaa soksi jozi tatu ndani ya buti za saizi yangu, nikajiona mjanja. Kituoni hasi 12, basi limechelewa dakika 20. Vidole vikaanza kuchoma, vikauma, kisha vikanyamaza. Kunyamaza ndiko kubaya. Nilipofika kwa bibi niliyekuwa namhudumia, wakati huo ana miaka 88, ilibidi yeye ndiye anisaidie kuvua buti, maana hata vidole vya mikono vilikuwa havishiki kamba. Akanionyesha alama za mishono ya soksi zilivyochimba ngozi. Umebana, damu haina pa kupita na hewa haina pa kukaa, na hewa ndiyo inayotunza joto. Tangu hapo buti zangu ni saizi moja zaidi, soksi moja nene ya sufu, na vidole lazima vicheze ndani. Soli iwe nene na yenye meno. Na angalia soksi zisiwe na matundu! Huku kila nyumba unavua viatu mlangoni. Nimewahi kwenda kuhani msiba na dole gumba linachungulia.

Ukikuta barafu, nunua zile meno za kuvalisha chini ya kiatu, wanaziita broddar. Bila hizo tembea kama bata, hatua fupi na uzito mbele. Mawe ya Gamla Stan, mji wa zamani, ndiyo yanayoangusha watu. Na ukiona kibao kimeandikwa Rasrisk, au fito zimeegemezwa ukutani kuziba njia, hama upande. Theluji na barafu vinaporomoka kutoka mapaani.

Swala, jipange mapema. Mwisho wa Januari jua linatoka saa 2 na robo hivi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinakukuta ndani ya saa nne, ukiwa mjini. Beba soksi za ngozi, uzivae ukiwa na udhu, uwe unapangusa juu tu. Msafiri ana ruhusa ya siku tatu na usiku wake. Kutoa miguu kwenye sinki la mgahawa kisha kutoka nayo mbichi kwenye hasi 8, sitaki kukumbuka. Msikiti mkubwa uko Medborgarplatsen, treni inakushusha karibu. Jengo lilikuwa kituo cha umeme tangu 1903, likawa msikiti mwaka 2000. Ndani kuna joto zuri.

Na baridi ikikushinda kabisa, ingia makumbusho ya Vasa. Ile meli ilizama mwaka 1628 siku ya kwanza tu kusafiri, wakaja kuiopoa 1961, na sasa imesimama nzima ndani ya jengo. Koti unaliacha kwenye vyumba vya makoti mlangoni. Mdogo wako atakwambia ameshaiona, mburute.

Vidogovidogo. Mafuta ya mgando ya midomo na mikono, hewa ya ndani ni kavu mpaka pua inatoa damu. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Yangu ilizima ikiwa na chaji asilimia 40 nikiwa naangalia ramani. Plagi yetu ya pini tatu haiingii, huku ni mbili za duara. Noti usihangaike kubadilisha, kwenye basi hawapokei, unagusisha kadi ya benki. Glavu za mfuko mmoja, vidole vikikaa pamoja, zina joto kuliko zile za vidole vitano.

Mzee wa Malmö

Mnamtisha mtoto wa watu. Dada, njoo na ulichonacho. Nenda duka lolote la Myrorna, ni mitumba ya Jeshi la Wokovu, utapata koti, buti na sufu za uhakika, siku ya kuondoka unavirudisha kama msaada. Begi lako lijae ubuyu tu.

Mama Raskazone

Mzee wangu, Malmö baridi yenu ni mvua na upepo. Huyu anafika Alhamisi usiku, duka limefungwa. Kutoka uwanjani mpaka kwa mdogo wake atafika na viatu vya Amsterdam? Sweta na glavu anunue huko, nakubali. Koti, buti na fulana ya sufu aje navyo mwilini.

Binti wa Lushoto

Mama, Mungu akuweke. Jana nimempelekea fundi baibui mbili apande pindo, kaniuliza nani kakua. Koti la Karume nimelibana kwapani kama alivyosema kaka wa Memoria, halikufura hata kidogo. Nimemtuma shemeji yangu wa Moshi.

Nimepima upya: nguo zote, soksi za ngozi na chaja, kilo 5 na nusu. Maswali mawili ya mwisho. Nywele zangu natumia mafuta ya nazi, nije nayo? Na ubuyu sasa naweka kilo mbili nzima, au?

Mama Raskazone

Mafuta ya nazi yatakuganda kama mshumaa hata ndani ya begi, utayachota kwa kijiko na kuyayeyusha kiganjani. Njoo nayo, ila uwanjani yanahesabiwa kimiminika hata yakiwa jiwe, kwa hiyo kichupa kisizidi mililita 100.

Ubuyu kilo mbili zinaingia, unabakiwa na nusu kilo. Wakikuta limezidi, toa pakiti moja moja uingize mfukoni. Koti la manyoya lina mifuko minne, na sijawahi kuona mtu amepimwa koti akiwa amelivaa. Pakiti moja iwe yangu, nitamfuata mdogo wako.