Mamangu Kuze, mimi Migosi: nimlete Kisumu moja kwa moja au nimwache kwake?

BintiKuze

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanijibu, maana jambo hili limeninyima usingizi tangu Rajab.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, mtaa wa Kuze. Nimeolewa na mtu wa Mumias, na huu ni mwaka wa tisa tunaishi Kisumu, hapa Migosi. Mume wangu ni fundi wa friji. Mimi asubuhi nakaanga mahamri na viazi vya karai, nauza nje ya lango mpaka saa nne. Watoto ni wawili, wa miaka saba na minne. Huyo mkubwa hucheza na wenziwe kwa Kijaluo mpaka usingizini anakisema. Hapa ndipo kwangu sasa, sitaki kudanganya.

Mamangu ana miaka 71. Ana presha na sukari. Kakangu yuko Omani kikazi, mdogo wangu ameolewa Lamu, kwa hiyo kule nyumbani alibaki peke yake na redio yake. Mwezi wa Rajab aliteleza msalani alfajiri akienda kutia udhu. Alikaa pale chini mpaka jirani alipomletea maziwa, saa mbili na kitu. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini ubavu mzima uliiva ukawa mweusi. Mimi nilipigiwa simu adhuhuri. Saa kumi nilikuwa ndani ya basi. Nakuru tulipita saa mbili usiku, Nairobi karibu na saa sita, Mtito Andei bado giza totoro, na kila basi liliposimama nilimpigia jirani aniwekee simu karibu na mamangu nimsikie tu akipumua. Nilifika saa mbili unusu asubuhi. Nilipoingia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Watoto umewaacha na nani?"

Nikarudi naye huku. Akakaa wiki tano.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama sikukuu. Alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, ameifunga ndani ya leso kama mtoto mchanga, kwa sababu ile yangu hajawahi kuiamini. Akamketisha mjukuu wake juu yake, akamshika mikono, wakakuna nazi pamoja mpaka sinia likajaa. Mbaazi za siku hiyo, wateja wangu waliniuliza nani kapika.

Wiki ya tatu nikaanza kuona mambo. Mamangu hushona kofia za mkono, zile za vitundu, na kofia moja humchukua miezi. Kwa Kuze hushona alasiri, wanawake wenziwe wakiingia na kutoka. Hapa alikaa karibu na dirisha la jikoni kwa kuwa ndipo penye mwangaza, na siku moja nilisimama mlangoni nikamtazama bila yeye kujua. Alishona vitundu vitatu, akavishika kwa kidole, kisha akafumua viwili. Akashona tena. Akafumua tena. Mpaka wiki tano zinaisha kofia ilikuwa pale pale ilipokuwa.

Nilimnunulia ngege mkubwa, nikampaka kama tunavyopaka changu kwetu. Akala matonge mawili akaniambia, "Samaki huyu hana chumvi yake mwenyewe." Mvua za alasiri za huku zikija na radi zake, alikuwa anazunguka nyumba nzima akifunika vioo kwa leso, kisha anakaa kitandani na watoto amewakumbatia. Na kila jioni lilikuwa lile lile: "Huku hata adhana yachelewa." Ni kweli. Kisumu iko magharibi sana, jua huzama karibu dakika 20 baada ya Mombasa. Miaka 71 mwili wake umezoea magharibi ya kwao, kwa hiyo hapa alikuwa anatandika mswala, anakaa juu yake, anangoja.

Majirani wangu ni watu wema sana, hilo nataka liandikwe. Kuna mama mmoja Mjaluo, sisi humwita min Achieng, yaani mama Achieng, alikuwa anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Kiswahili chake si kingi na mamangu Kijaluo hana hata neno. Walikuwa wanakaa sakafuni na sinia la omena, dagaa wa ziwani, katikati, wanachambua, mmoja anasema hili kwa lugha yake, mwengine anaitikia kwa yake. Siku ya kuondoka yule mama alilia pale stendi kuliko mimi.

Mamangu mwenyewe ndiye aliyeomba arudi kabla ya Ramadhani. Nikampeleka. Sasa kuna msichana kutoka Likoni anashinda naye, lakini usiku huondoka. Mume wangu anasema tumlete moja kwa moja, tutahamia nyumba ya vyumba vitatu na ile ya Kuze tuipangishe. Kakangu anasema hivyo hivyo. Mdogo wangu anasema tumwache. Mama mwenyewe nikimuuliza ananijibu, "Fanyani muonavyo," na anayemjua mamangu anajua kwamba hiyo ni hapana iliyofunikwa kwa adabu.

Nawauliza nyinyi mliomhamisha mzazi mzee: alizoea? Alizoea kweli, au alinyamaza tu?

---

NyarAsembo

Dada, pole sana. Huyo mama anayekuja kuchambua omena na mamako amenikumbusha nyumbani.

Mimi mamangu nilimtoa Asembo mwaka 2019, nikamleta Manyatta baada ya babangu kufariki. Nilidhani nimemwokoa. Miezi mitatu ya kwanza kila akiamka aliniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji, na ng'ombe tulikuwa tumeshauza wote. Tulikuwa tumefunga nyumba yake na kufuli, ufunguo nikakaa nao mimi. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mzee akishajua nyumba yake imefungwa, kila siku anayokaa kwako anaihesabu kama siku ya kufukuzwa.

Nilimrudisha, tukapanga upya. Sasa anakuja kwangu baada ya mavuno, mwezi wa nane hivi, na ikifika Februari anarudi kutayarisha shamba kabla ya mvua ndefu. Ufunguo anao yeye, shingoni, kwenye uzi. Akija kwangu anakuja kama mgeni mwenye kwake, anacheka, anagombana na wajukuu, anapika kuon, ugali wetu, na ananikosoa. Usiipangishe nyumba ya mamako, tafadhali. Kodi hiyo haitakununulia chochote.

Na huyo ngege ulinunua wapi? Kama ni sokoni saa saba mchana, mamako ana haki. Nenda Dunga asubuhi mashua zikirudi, uchukue aliye bado anarusha mkia. Mpasue, msugue kwa chumvi na ndimu, muanike juani kwa muda wa saa moja au mbili ndipo umkaange. Harufu ya tope inaondoka. Chumvi yake mwenyewe hatakuwa nayo, lakini mamako atamaliza sahani.

---

Mzee wa Section 58

Waaleikum salaam binti. Mimi ni wa Majengo, Mombasa, na Nakuru nimeishi miaka 22. Nitakwambia jambo zito, univumilie.

Babangu alikuwa kuli wa bandarini maisha yake yote. Nilimleta hapa mwaka 2011 baada ya mamangu kufariki. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na mzee wa pwani Juni na Julai za huku zinamwingia mifupani. Alivaa makoti mawili na kofia ya sufu ndani ya nyumba. Hakulalamika hata siku moja. Hilo swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike, maana mimi nilidhani amezoea. Alinyamaza tu.

Alikaa miezi 14. Alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, na unajua mambo yetu, maiti haikawizwi. Tulimzika baada ya alasiri siku hiyo hiyo. Dada zangu walikuwa njiani kutoka Mombasa. Walifika Isha, wakakuta mchanga umeshamwagiwa maji. Mkubwa wao alikaa pale kaburini na viatu mkononi, hakuniuliza kitu. Mpaka leo hajaniuliza.

Sikuwahi kumuuliza babangu anataka kulala wapi. Niliona ni kumtakia mabaya. Binti, muulize mamako. Muulize sasa akiwa mzima na amekasirika na samaki wako, usingoje. Akishakujibu hilo, haya mengine ya nyumba na vyumba vitatu utaona yanapangika.

---

Muuguzi wa Kakamega

Naingia kwa upande wangu wa kazi, kwa sababu naona mnazungumzia kuhama na mimi bado niko pale msalani alipoanguka.

Mtu wa umri wake akianguka mara moja, hatari ya kuanguka tena inapanda, awe Kuze au Migosi. Kwanza jua sababu. Alfajiri, ametoka kulala, ana dawa za presha: inawezekana aliinuka ghafla presha ikashuka, akapata kisunzi. Inawezekana pia ni sukari kushuka. Mwambie daktari wake habari nzima ya anguko, na aulizwe dawa zote anazokunywa na saa anazozinywa. Msipunguze dawa wenyewe. Aketi kitandani kidogo kabla ya kusimama. Taa iwake usiku kucha kwenye njia ya msalani, awe na viatu visivyoteleza, na mumeo kwa kuwa ni fundi achomelee chuma cha kushikia ukutani, kwenu na kwake pia.

Akija Kisumu aje na kijitabu chake cha kliniki na dawa za kutosha, mkobani mwake na si chini kwenye buti la basi. Hakikisheni amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, maana kadi ya zamani ya NHIF haina kazi tangu Oktoba 2024. Na alale ndani ya chandarua kila usiku. Malaria ya ukanda wa ziwa ni kali kuliko anayoijua yeye.

Sasa nje ya kazi. Umesema mumeo ni wa Mumias. Mamake yuko hai? Mbona hukumtaja? Mumias Uislamu na Kiswahili viliingia zamani na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Pale mamako atasikia adhana, atasalimiwa kwa lugha yake, atakaa na mwanamke wa rika lake aliye ndugu kwa ndoa. Na hapo Kisumu penyewe, umempeleka Kaloleni, mtaa wenye Waislamu wengi? Wiki tano dirishani, dada, ni nyingi.

---

Kaka Bondeni

Mimi la kwangu ni fupi. Kakako wa Omani anasema "mlete" kwa sababu kuletwa hakumgharimu yeye. Mwambie alipe msichana wa kulala na mama. Mzazi ni wenu watatu.

---

BintiKuze

Nimewasoma nyote, na maneno ya mzee wa Nakuru niliyasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mume wangu. Mzee wangu, Mungu amrehemu babako, na dadako Mungu amtilie wepesi.

Nilimpigia mamangu usiku ule ule baada ya tarawehe. Nilizunguka zunguka, nikauliza habari za uji, habari za jirani, mpaka akaniambia, "Sema ulilopigia." Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, nasikia redio nyuma yake. Kisha akasema, "Makaburini Sarigoi, karibu na mamangu. Nilikuwa nangoja nani kati yenu ataniuliza." Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuniuliza mwenyewe kama min Achieng hajambo, na kama mvua bado inanyesha na radi.

Basi tumekubaliana hivi. Nyumba ya Kuze haipangishwi na ufunguo ni wake. Kakangu nilimwambia bila kupamba, na amekubali kumlipa msichana alale pale pale. Wiki hii ameanza. Mume wangu atashuka Mombasa kabla ya Idi kuchomelea chuma msalani, na hapa kwetu ameshaweka. Kliniki mamangu ana miadi wiki ijayo, mdogo wangu atatoka Lamu kumsindikiza. Akishamaliza sita zake za Shawwali atakuja kwa miezi miwili, na tiketi ya kurudi tunaikata kabla hajaja, aishike.

Muuguzi, kuhusu mama mkwe umenitia aibu ya haki. Yuko hai, yuko Mumias, na wiki tano zile hatukumpeleka mamangu hata mara moja kwa sababu mimi nilikuwa nahofia safari itamchosha. Tumempigia. Amesema chumba kipo, na ameuliza kama ile kofia ikiisha anaweza kuichukulia mumewe. Nilipompa mamangu habari hiyo aliuliza kipimo cha kichwa.

Kaloleni nitampeleka. NyarAsembo, Dunga nilikwenda jana na ngege yuko juani sasa hivi naandika haya.

Jana magharibi simu ilikuwa wazi. Kule adhana ikaadhiniwa, nikamsikia akisema bismillahi, akila tende. Huku kwetu jua bado linaonekana juu ya mabati ya jirani. Mwanangu mdogo akamwambia nyanya yake asile yote, atungoje. Akamwambia, "Nawangoja, babangu, sikati simu." Na kweli hakuikata, mpaka na sisi tukafuturu.