Tupeane uzoefu: fedha ulizotoa kwa mradi wa kripto zilikuwa mchango au uwekezaji?

Ndugu zangu, naomba tusimuliane yaliyotukuta tulipotoa fedha zetu, au tulipoomba za wengine, kwa ajili ya miradi ya sarafu za kidijitali. Ninaanza na langu.

Mwishoni mwa 2017 nilituma ether, yaani sarafu za mtandao wa Ethereum, zenye thamani ya mishahara yangu miwili kwa mradi uliokuwa ukitoa tokeni, yaani sarafu zake wenyewe, kabla haujawa na programu yoyote inayofanya kazi. Kwanza nilitakiwa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku kilichosema kwamba ninatoa mchango usiorudishwa na kwamba sitarajii faida. Ukurasa uliofuata ulikuwa na saa inayohesabu muda uliobaki, pamoja na tangazo la nyongeza ya asilimia 20 kwa watakaowahi wiki ya kwanza. Niliviona vyote viwili, nikatuma. Bei ya tokeni hizo ilipoporomoka na tukauliza fedha zilitumikaje, tulijibiwa kwa adabu kuwa mchangiaji hadai hesabu.

Jibu hilo liliniuma kuliko hasara yenyewe, maana kwetu mchangiaji anadai hesabu. Ukichangia harusi au msiba, jina lako huandikwa daftarini, na mtunza hazina husoma mapato na matumizi mbele ya kamati. Mradi ule uliazima neno letu ukaacha wajibu wake.

Baadaye nilisoma habari za Tezos, mradi mwingine wa kripto uliokusanya takriban dola milioni 232 mnamo Julai 2017 huku masharti yake yakiziita fedha hizo mchango usiorudishwa. Waliotoa walikwenda mahakamani Marekani, na mwaka 2020 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 25. Mwezi huohuo wa Julai 2017, SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana, ilieleza katika taarifa yake kuhusu The DAO, mfuko wa uwekezaji wa kripto, kwamba kinachotazamwa ni hali halisi ya muamala, yaani kama watu wametoa fedha wakitarajia faida kutokana na juhudi za wengine, wala si jina ulilopewa.

Wewe ulitoa kwa nia gani, na uliambiwa nini?

Baharia wa Nyali: Ndugu mleta mada, pole sana. Mimi nimekaa upande wa mchango mtupu, kwenye Monero, sarafu iliyoanza Aprili 2014 bila kuuzwa kabla na bila waanzilishi kujitengea fungu. Mhandisi anayetaka kulipwa huandika pendekezo mbele ya watu wote, akitaja kazi, muda na malipo. Watu hulijadili na kulikosoa, ndipo michango hufunguliwa, naye hulipwa hatua kwa hatua kadiri kazi inavyokamilika. Nimechangia mapendekezo matatu, kila mara fedha isiyozidi nauli ya Nairobi, na matunda yake ninayaona kwenye pochi ya kidijitali, programu ya kutunzia sarafu, ninayoitumia kila siku. Hata hivyo mchango nao hauna kinga: Septemba 2023 pochi iliyotunza michango hiyo iliibwa sarafu zote zilizokuwamo, zaidi ya 2,675. Nilibaki kwa sababu wizi ulitangazwa, kiasi kikatajwa, na suala la nani alikuwa na funguo za siri za pochi hiyo likajadiliwa hadharani.

Nipo Hamburg: Kwa heshima, sikubali kwamba faida ndiyo kosa. Mauzo ya Ethereum ya mwaka 2014 yalichukua siku 42 na kukusanya bitcoin zaidi ya 31,000, zenye thamani ya takriban dola milioni 18 wakati ule. Leo ninalipwa mshahara kwa kujenga juu ya mtandao huo. Michango ya hiari isingefika huko. Ninachotaka ni kwamba anayeuza aseme anauza.

Mwana wa Uluguru: Mimi nilikuwa upande wa kuomba. Mwaka 2021, tukiwa watatu, tuliandika programu huria ya kuhifadhi kumbukumbu za VICOBA kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Karibu kila tuliyemwendea aliuliza tokeni yetu inatoka lini, na mmoja aliahidi kutupa fedha zote ikiwa tungemtengea asilimia 30. Tulikesha tukipiga hesabu. Programu haikuhitaji tokeni hata moja, tukakataa.

Tuliingia kwenye michango ya aina ile inayoongezewa na mfuko wa pamoja, kwa kanuni waliyoiandika Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, na wenzake Hitzig na Weyl mwaka 2018, ambayo huthamini wingi wa watu kuliko ukubwa wa fedha: watu 100 wakitoa dola 1 kila mmoja, uzito wao katika kugawiwa mfuko huo ni 10,000, ilhali mtu mmoja akitoa dola 100 uzito wake ni 100. Tulipata fedha za miezi mitano. Kila mwezi tulitoa hesabu ya seva, umeme na bando. Zilipokwisha tulimtumia kila mchangiaji hesabu ya mwisho, hata aliyetoa senti 50 za dola. Wawili waliniandikia wakiuliza kwa nini bando la mwezi wa nne limelipwa mara mbili. Stakabadhi nilikuwa nazo, nikawatumia.