Naomba ushauri: nibaki na magari yaliyotumika au nihamie mapya ya Kichina?

Habari zenu wakuu. Nauza magari yaliyotumika na sasa nina wasiwasi mkubwa. Mteja anakagua gari la Kijapani lenye miaka saba, halafu ananiambia akiongeza kidogo anapata la Kichina jipya, lenye kamera, skrini kubwa na waranti. Nimjibu nini? Bei ya magari yangu inashuka yakiwa bado yadi.

Sioni kama ni upepo wa kupita. Mwaka 2023 China iliipita Japani kwa kuuza magari nje. Mwaka 2024 Marekani ikapandisha ushuru wa magari ya umeme ya Kichina hadi asilimia 100, na Umoja wa Ulaya nao ukaongeza wake. Yakibanwa huko, lazima yatafute soko kwingine.

Kinachonitia hofu zaidi ni vipuri na bei ya kuuzia tena, maana modeli zao zinabadilika haraka mno. Mliokaa nayo miaka mitano na kuendelea, vipuri mnapata? Betri je? Mafundi wanayaelewa? Na mliokwisha kuuza, mlirudisha kiasi gani cha bei ya kununulia? Nina wafanyakazi wanaonitegemea, kwa hiyo naomba sana majibu ya waliopitia.